Kicheko cha Mara ya Pili

Al Wukair, Ijumaa alasiri

Wakesho, mama,

Wewe na babako mmeenda Al Rayyan kuwaaga kina Barasa, na mimi nimebaki nikisema nakunja nguo. Sikunji chochote. Nguo ulizikunja mwenyewe jana, tena vizuri kuliko mimi, na sanduku limeshafungwa kwa ile kamba nyekundu ambayo babako anaamini itawatisha wezi wa mizigo. Nimekaa kwenye kiti chako cha kusomea, kiyoyozi kinanguruma, na hii karatasi nimeilaza juu ya sinia la chai kwa sababu mezani hamna nafasi. Vitabu unavyoviacha ni vingi kuliko unavyobeba.

Sitakuambia habari za koti. Wala kula, wala kusali, wala kupiga simu Jumapili. Hayo babako atayasema kesho njiani kwenda uwanja wa ndege, atayarudia mlangoni, na ukishapita kwa watu wa pasipoti atakutumia ujumbe wa sauti kuyasema upya. Msikilize mpaka mwisho, maana anaumia kuliko anavyoonyesha.

Mimi nina jibu moja tu la kukupa, na nimechelewa nalo. Wiki mbili zimepita tangu uweke mswada wako juu ya kiondo cha vitunguu, ukasimama mlangoni ukichezea funguo. Ulisema, "Mum, soma hii skripti. Wewe ndiwe uliyemo ndani. Ukikataa siendi nayo, nitaandika kitu kingine kwa ndege." Nami najua maana ya kwenda kwenye majaribio ya waandishi wa vichekesho London mikono mitupu. Jumatatu waigizaji watakaa mezani na kuusoma kwa sauti mswada wa kila mgeni, na kabla hujataja jina lako mara mbili watakuwa wameshaamua wewe ni nani.

Nilikujibu kwamba nitausoma nikipata nafasi. Uongo mtupu. Kabla hujafika kwenye lifti nilikuwa nimesimama mbele ya friji, mlango wazi, nikiusoma mswada, nikafika nusu yake ndipo friji ikaanza kupiga kelele. Tangu siku hiyo nimekukwepa ndani ya nyumba yetu wenyewe. Jana ulikuja jikoni, ukafungua maji ukayafunga, ukaniambia, "Khalas, mum, usijisumbue." Wewe na khalas yako, ‘basi’ ya Waarabu. Umeisema tangu darasa la pili, hata paka wa jirani anaielewa. Lakini jana uliisema kwa sauti ndogo, na nilijisikia vibaya sana.

Haya basi. Yule Mama Zawadi wa mswada wako ni Mkenya aliyewahi kutengeneza vichekesho vya televisheni Uingereza na sasa yuko Doha hana studio, kwa hiyo anaongoza kila kinachopita mbele yake. Anamrudisha mzee wa matangazo nje ya kanisa ili aingie upya. Anawahamisha wageni harusini kwa sababu kofia zinaziba. Anamwambia mumewe arudie salamu, safari hii kwa moyo. Ningependa kusema umenisingizia. Lakini yule mzee wa matangazo nilimrudisha kweli, na aliingia vizuri zaidi mara ya pili. Hapo nilicheka. Kilichonifunga mdomo ni ukurasa mwingine, na ili nikueleze kwa nini, inabidi nianzie mbali kidogo. Vumilia, umeshanizoea.

Nilivyoingia kwenye kazi hii sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa mpiga chapa. Idara ya vichekesho ya kituo kimoja London ilitaka mtu wa kushika nafasi ya mama aliyekwenda kujifungua, nami nilikuwa na vidole vyepesi. Mkuu wa hapo alikuwa mzee mmoja mrefu, Leonard, mtu wa sweta zilizotoboka kiwikoni. Mlango wake haukufungwa hata siku moja, na mimi nilidhani ananichunga nisizembee. Siku moja akaja na mswada niliouchapa, akaniuliza kwa nini nilisimama pale katikati, na pale tena karibu na mwisho. Nilianza kuomba radhi. Akasema hakuja kunigombeza. Alikuwa akiisikiliza mashine yangu. Pale iliponyamaza alijua nimecheka, na kurasa ambazo mashine ilikwenda tu bila kusita aliwarudishia waandishi wakaandike upya.

Basi hivyo ndivyo nilivyoanza, kwa kunyamaza. Baada ya muda akanipeleka naye studio. Watu hufikiri mtayarishaji ndiye mchekeshaji. Wachekeshaji ni wengine kabisa. Mtayarishaji huamua nani akae wapi, kipi kikatwe, na nani aombwe arudie. Kwenye chumba cha kuongozea kuna skrini nyingi za waigizaji, na pembeni kulikuwa na moja ndogo iliyowaonyesha watazamaji ukumbini. Hakuna aliyeijali. Leonard aliweka kiti chake mbele ya hiyo. Aliniambia, "Mtu anaweza kucheka kwa adabu yake tu. Tazama miguu." Nami nikatazama. Anayecheka kwa adabu, viatu vyake viko sakafuni. Anayecheka kweli, miguu huinuka bila yeye kujua, hata mzee wa kutembelea fimbo. Ukienda huko jaribu, utaona.

Leonard alipostaafu alinipendekeza, na mfululizo wangu wa kwanza kama mtayarishaji ulikuwa wa nesi kutoka Kenya kwenye hospitali ya Waingereza. Unajua huyo nesi ni nani. Nyanya yako alikuwa nesi Luton, na karibu kila kitu tulichoweka mle kilitoka nyumbani kwetu. Mwandishi alikuwa kijana mwingine, lakini mimi ndiye niliyempa visa, kimoja kimoja, tukinywa chai. Nyanya alivyopiga pasi kitanda chake ndipo alale, kwa sababu ya baridi. Nyanya alivyombusu kuku wa dukani aliyegandishwa, kwa furaha ya kukutana na kuku. Sikumwuliza nyanya ruhusa. Ilionekana kwangu kama mali ya familia.

Tena nilimwalika. Tiketi za kurekodi vichekesho hutolewa bure, na kazi kubwa ya kila wiki ni kujaza viti. Nyanya alikodi basi, akaja na akina mama wa kanisa lake, wote wamevaa kama wanakwenda kwenye harusi. Nikamweka safu ya tatu, kiti kilicho chini kabisa ya kipaza sauti kinachoning'inia juu ya watazamaji. Huo ni ujanja wa kazi, kila mtayarishaji ana mtu wake wa kiti kile, mtu mwenye kicheko cha kuwafungulia wengine. Wangu alikuwa mama yangu mwenyewe. Kicheko chake kilianza kimyakimya tumboni, kama sufuria ya maharagwe kabla mfuniko haujaanza kutikisika, halafu ukumbi mzima ukamfuata. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimpigia simu ili acheke tu.

Sasa nikuambie habari za Margaret. Hiki kisa sijawahi kukusimulia, ingawa vitunguu vyetu vimekaa ndani yake tangu tuhamie Doha.

Nyanya alipofika Uingereza hakuwa na mtu. Mimi nilikuwa bado Voi kwa wazazi wake. Kila Jumamosi alisimama kwenye kibanda cha simu, sarafu mkononi, akapiga simu ya stesheni ambako baba yake alifanya kazi. Wazazi walimwuliza swali lile lile: una rafiki huko? Alikuwa hana. Kwa hiyo akamtunga mmoja, akamwita Margaret. Margaret alimpikia, Margaret alimpeleka kanisani, Margaret aliumwa jino akang'olewa. Wiki baada ya wiki alisimulia habari za Margaret, mpaka wazee wakaanza kumwombea mezani. Mama yake akamsukia kiondo, akakituma kwa posta, kimeshonwa jina kwa uzi mwekundu. Nyanya alikipokea akakaa nacho chumbani; ndicho hiki tunachowekea vitunguu. Baadaye, alipopata marafiki wa kweli, alimhamishia Margaret Australia ili wazee wasiulize. Aliniambia mimi tu, jioni moja nikimkanda miguu baada ya zamu, na alicheka sana, na mimi nilicheka naye.

Nilimpa mwandishi na hicho.

Siku ya kukirekodi nyanya alikuwa kwenye kiti chake. Mwigizaji akaingia kwenye kibanda cha simu cha mbao, akaanza, "Margaret anawasalimu," huku akilitazama koti lake lililotundikwa kana kwamba ndilo Margaret. Nyanya alicheka. Nilimwona kwenye ile skrini ndogo. Aliweka mkono kifuani, kisha akacheka kabla ya mtu mwingine yeyote, na miguu ikainuka yote miwili. Nilifurahi mno. Nilidhani nimempa zawadi.

Halafu mwigizaji akakosea mstari wa mwisho.

Ukikosea, inarudiwa. Tatizo ni kwamba watazamaji wameshaujua mzaha, kwa hiyo msimamizi wa studio huwaendea akawaomba wacheke tena kama mara ya kwanza. Watu wa huko wamezoea, hufanya kwa moyo mzuri. Mimi ndiye niliyetoa agizo, kwenye kipaza sauti, bila kufikiri. Mwigizaji akarudia, tena vizuri kuliko mwanzo. Na nyanya yako, pale chini ya kipaza sauti, akaweka mkoba wake magotini, akasubiri mahali pake, akacheka. Kicheko kizuri, kilekile, kimefika kwa wakati. Viatu vyake vilikuwa sakafuni, vimepangwa pamoja.

Tulitumia ile ya pili. Ilikuwa bora. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi lao, akapanda ngazi ya kwanza, akageuka. Hakukasirika, ungekuwepo ungesema amechoka tu. Alisema, "Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilikufanyia kazi yako." Akaniambia nifunge koti, akaenda kukaa na wenzake.

Wiki iliyofuata alirudi na basi lile lile. Hatukulizungumza tena, na mimi sikumwomba msamaha kwa sababu sikujua vizuri nimekosa nini. Mfululizo ulipendwa. Watu walinipongeza kwenye korido. Kikatokea kikombe cha tuzo, kile unachowekea kalamu.

Msimu wa pili akaja bosi mpya. Kwenye kikao cha kwanza alisema nesi angechekesha zaidi kama angekuwa mjinga kidogo, aelewe vibaya maagizo, aanguke anguke. Nami nilicheka, Wakesho. Sikukubaliana naye hata chembe. Nilicheka kwa sababu wote mezani walicheka na mimi nilikuwa mweusi peke yangu mle, sikutaka waone nimenuna. Wakakichukua kicheko changu kama ndiyo. Tulipofika katikati ya msimu yule nesi alikuwa anateleza kila kipindi. Basi la akina mama likawa nusu tupu, halafu wakaja kwa gari dogo, halafu nyanya akawa anakuja peke yake kwa treni. Alikaa kiti chake, alicheka mahali pote alipotakiwa. Miguu haikuinuka hata mara moja, nami nilikuwa na skrini mbele yangu.

Kama kuna kitu kimoja cha kazi ninachotaka ukumbuke, ni hicho. Vikaoni usicheke kwa kuogopa kuonekana umenuna. Kaa tu kimya, nuna ukitaka. Uso wako ukinuna unafanana na wa nyanya, unatisha vizuri.

Mwishowe nilimwendea bosi nikamwambia nesi arudishiwe akili zake au mimi siendelei. Akanipa msimu mmoja, wenye pesa kidogo. Ulikuwa msimu mzuri kuliko yote, na ndio wa mwisho, wakaufuta. Nilijifungia siku mbili. Kisha nikaendelea kama kawaida: shule ya udereva, wachungaji wawili wanaogombea kanisa moja, mengine hata majina nimeyasahau. Mengine yalikuwa mabaya na mimi ndiye niliyeyafanya mabaya. Nilikata mahali pasipostahili, nikang'ang'ania mwigizaji kwa sababu ya huruma. Hakuna aliyekufa.

Halafu babako akapata kazi ya kompyuta hapa, wewe ukiwa na meno mawili ya mbele yameng'oka, tukaja. Nilifikiri nimekuja kuzika kazi yangu mchangani. Nilikuwa na hasira mwaka mzima, na ulikuwa mdogo lakini najua ulinisikia nikimwambia babako maneno ambayo hakustahili. Alikuwa akirudi kutoka kazini na vikombe viwili vya chai ya karaki, ananipa changu, anakaa kunywa chake. Ningekuwa yeye ningenimwagia.

Kilichonifufua ni ule usiku wa vichekesho wa Wakenya na Waganda kule Al Rayyan. Kanisa liliponiomba nisaidie nilikubali kwa shingo upande. Manesi, askari wa ulinzi, madereva, watu wa hoteli kutoka The Pearl wenye sare zao bado, wote wakifanya mazoezi baada ya zamu. Wewe ulikuwa kidato cha pili, nikakupa kazi ya kushika mswada na kuwakumbusha waliosahau. Barasa alikuwa na kile kichekesho cha ujumbe wa sauti wa mkewe, mke anayeongea na mumewe, na watoto, na mbuzi, na jirani, vyote kwenye ujumbe mmoja. Tulivunjika mbavu. Mimi nilikiweka mwisho wa onyesho palepale.

Wewe ndiwe uliyeuliza, "Anko, bibi yako anajua?"

Barasa akakwambia, "Aai, si ni jokes tu. Yuko Kakamega, atajuaje?"

Ukamwambia watu wote mle wana simu na atajua kabla onyesho halijaisha, bora ampigie. Barasa akanitazama mimi, mkubwa wa kazi, nimwokoe. Mimi nikaendelea kupanga viti. Akapiga, akaweka sauti ya juu, akakifanya chote pale akiwa amesimama kando ya viti vya plastiki, jasho linamtoka. Upande wa pili kimya. Nilijua kimya hicho, nilishawahi kukiona kwenye ile skrini ndogo. Kisha yule mama akaangua kicheko, akasema, "Wewe umesahau ile ya mbuzi kula chaja. Weka na hiyo." Akawaita watoto waje wasikie, na Barasa akaanza upya, na mama yule alicheka tena kweli kwa sababu sasa kilikuwa chake.

Nilikuonea wivu. Acha niliseme hivyo hivyo. Nimefanya kazi ile zaidi ya umri wako na simu hiyo sikuipiga hata mara moja, na nyanya alikuwa Luton tu, mwendo wa treni.

Kwa hiyo uliponiwekea mswada juu ya kiondo, nilijua unachofanya. Unanipigia simu ya Barasa.

Sasa ule ukurasa. Mama Zawadi amejifungia bafuni. Mumewe yuko mlangoni na taulo begani anataka kunyoa ndevu aende kazini, binti anataka mswaki, na ndani ya bafu unasikika umati wa watu wakicheka. Wanatazamana. Binti ananong'ona kwamba mama amepata wazimu. Baba anagonga taratibu. Na Mama Zawadi anajibu kutoka ndani, "Nipeni dakika. Mama bado anacheka."

Nilidhani hakuna anayejua. Tangu tumzike nyanya kule Voi, nikimkosa sana, huingia bafuni na simu, nikafungulia maji, nikaangalia kile kipindi cha Margaret. Kumbe maji hayakufunika kitu. Na maneno yale sijawahi kuyasema, kwa babako wala kwa mtu yeyote, lakini ndivyo ninavyowaza kila mara, hivyo hivyo ulivyoandika. Kuna jambo moja tu hukulijua, na halimo kwenye mswada wako. Ninachokisikiliza ni ile ya pili. Ile ya kwanza ilifutwa, kanda zilitumiwa tena siku zile. Kicheko cha mama yangu kwa Margaret kilichobaki duniani ni kile alichonifanyia kazi.

Pale mbele ya friji nilicheka, kisha nililia, na friji nayo ikipiga kelele zake. Usiku nikausoma tena nikakasirika. Nilikuona umesimama nje ya bafu langu na kalamu. Nikapanga cha kukuambia: nenda na yote, ila ule wa bafuni utoe. Ungeutoa, nakujua, ungesema khalas na ungeutoa. Na mswada ungebaki wa mwanamke msumbufu anayerudisha watu mlangoni, na Jumatatu watu wangecheka kwa adabu. Nimefanya kazi hii muda mrefu mno kujidanganya. Ukurasa ule ndio mswada wenyewe, mengine yote yanauendea. Nilibeba hapana yangu siku hizi zote nikijua kwamba ni mbaya, na bado sikuweza kuiacha, kwa sababu nilitaka mara moja tu katika familia hii mtu aulizwe na akatae.

Nilipomaliza kuandika hayo hapo juu niliiweka barua hii chini nikauchukua mswada wako tena. Mara hizo nyingine zote niliusoma nimesimama, jikoni, koridoni, kama mwizi. Safari hii nimekaa kitandani mwako, mgongo ukutani, nikausoma taratibu kutoka mwanzo, hadi mzee wa matangazo, hadi kofia za harusini, hadi babako na taulo lake.

Wakikupokea, watakuja kukuambia Mama Zawadi awe mjinga kidogo. Unajua la kufanya na uso wako. Na ikifika siku ya kurekodi, nikatie tiketi, safu ya tatu, chini ya kipaza sauti. Waigizaji wakikosea, warudie, ndiyo kazi. Waombe watazamaji wote wacheke tena, ila mimi niache nikae nilivyo.

Nasikia gari lenu chini. Babako anapiga honi kama kawaida yake, kana kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimsubiri. Naacha barua hii juu ya sanduku na kwenda kuweka chai. Ukiingia chumbani utaona ndala yangu moja imeanguka katikati ya sakafu, mbali na kitanda. Ilitoka mguuni bila mimi kujua, penye ukurasa wa bafuni, palepale babako anapogonga mlango. Nimeiacha ilipoanguka ili uione mwenyewe.

Mamako